Mapenzi Yaliyobebeshwa Ardhi

Mzee mwenye mabinti watatu na nchi ya kugawa anawauliza ni nani kati yao anayempenda zaidi, ili huyo apate fungu lililo nono kuliko mengine. Ndivyo inavyoanza tamthilia ya King Lear, aliyoiandika William Shakespeare yapata mwaka 1605 au 1606, na kabla onyesho la kwanza halijaisha mbegu za yote yatakayofuata zimeshapandwa: chuki ya ndugu, upofu, wazimu, vifo. Goneril na Regan wanasema yale ambayo masikio ya baba yanayatamani, wanapata. Cordelia anasema hana la kuongeza, anafukuzwa mikono mitupu, na mchumba wake mmoja, Mtawala wa Burgundy, anamwacha hapo hapo kwa kuwa haji na mali. Wahakiki wa Uingereza wameandika mengi juu ya kiburi cha mzee huyu na juu ya ukimya wa binti yake mdogo. Lakini msomaji wa Morogoro, tuseme wa Mzinga, pale mji unapokutana na miguu ya milima ya Uluguru, ana swali ambalo wahakiki hao hawakulazimika kuliuliza. Hiyo ardhi, mzee Lear anaigawa yeye kama nani?

Swali hilo halitokani na ubishi. Kwa Waluguru wa milimani ardhi ni ya ukoo, na ukoo hufuatwa kwa mama. Mtoto anaweza kubeba jina la upande wa baba na kulionea fahari, lakini shamba atakalolima kwa haki, bila kumwomba mtu, ni lile linaloteremka kutoka kwa bibi mzaa mama. Baba akimpa mwanawe kipande cha ardhi ya ukoo wake yeye baba, kipande hicho ni cha kuazima, na baba akishafariki wenyewe wanaweza kukidai. Mtu wa nje aliyepewa mahali pa kulima alitoa ngoto, zawadi ya kukiri kwamba anajua yuko juu ya ardhi ya nani. Msemaji wa mambo haya ni mjomba, kaka wa mama, na mwenye kumrithi mjomba cheo chake ni mtoto wa dada. Roland Young na Henry Fosbrooke waliuandikia kitabu utaratibu huu mwaka 1960, na mengi waliyoyaeleza bado yanatambulika huko Kinole, Matombo na Mgeta, ingawa yamepishana na sheria za serikali, na dini, na fedha.

Mpeleke Lear katika mazingira hayo uone kinachotokea. Mabinti zake watatu si wa ukoo wake. Hana ardhi ya kuwapa, kwa hiyo hana mtihani wa kuwapa. Wanaweza kumpenda, kumchukia au kumchoka kama watoto wote wanavyoweza, lakini hakuna neno lolote la mapenzi litakaloongeza au kupunguza hekta moja. Na yeye mwenyewe, akifukuzwa na wakwe, hatembei nyikani usiku wa mvua na radi akiwa na mchekeshaji wake tu wa kumfariji; anarudi kwao, kwa dada zake na wapwa zake, kwenye ardhi ambayo hakuna anayeweza kumwambia toka. Ukishaisoma tamthilia kwa jicho hilo, pengo lake kubwa linaonekana waziwazi: mama wa mabinti hawa hayupo. Anatajwa mara moja tu, marehemu, na hapo anatajwa ili Lear amtishe Regan kwamba kama hatampokea kwa furaha basi mama yake kaburini alikuwa mzinzi. Wajomba hawapo kabisa. Watu watatu wamezaliwa na mwanamke ambaye ukoo wake haukuacha alama yoyote juu ya ukurasa, na mwanamume mmoja ndiye chanzo cha kila kitu walicho nacho: jina, chakula, mume, nchi. Mtu mmoja akishakuwa chanzo cha vyote hivyo, kumpenda kunageuka kuwa kazi yenye ujira, na kila kazi yenye ujira ina watu wanaoijua kuifanya kwa ulaghai.

Hapo ndipo ninaposimama. Fasihi kongwe ya Kiingereza husifiwa, na husomeshwa pale inaposomeshwa, kama hazina ya maumbile ya binadamu: mapenzi yalivyo popote, chuki ilivyo popote, mateso yalivyo popote. Nadhani sifa hiyo inaipunja. Chuki tunayoikuta katika vitabu vyake vikuu imezaliwa mahali maalumu, ndani ya nyumba ambamo mapenzi yamebebeshwa mzigo usio wake, mzigo wa kuamua nani atamiliki na nani atafukuzwa. Waandishi wake wakubwa walilijua hilo. Walilitazama kwa uaminifu mkubwa kuliko wengi wa wasifiaji wao, na sababu moja ya kuwasoma tukiwa Morogoro ni kwamba tunatoka katika nchi ambayo mzigo huo uliwahi kupangwa kwa njia nyingine.

Ushahidi mkubwa uko katika hadithi ya pili ya King Lear, ile ya mzee Gloucester na wanawe wawili. Edgar ni mtoto wa ndoa. Edmund ni mdogo wake kwa mwaka mmoja na ushei, amezaliwa nje ya ndoa, na sheria inamnyima kila kitu kwa sababu hizo mbili. Gloucester hamchukii. Anasema anampenda sawa na mwenzake, na papo hapo, mbele yake, anamtania kwa mgeni kuhusu jinsi alivyopatikana. Edmund anapoapa kuichukua ardhi ya Edgar, haongozwi na uovu usio na asili, amehesabu. Mapenzi ya baba anayo, na ameona kwamba mapenzi hayo hayana hati. Basi anatafuta hati. Anamsingizia kaka yake, anamsaliti baba yake, na baba anang'olewa macho ndani ya nyumba yake mwenyewe. Sasa mchukue Edmund huyu umweke Uluguru. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ana ukoo uleule ambao angekuwa nao kama mama yake angefunga ndoa: ukoo wa mama. Shamba lake liko palepale. Aibu inaweza kuwapo, na uchungu wa kutotajwa na baba unaweza kuwapo, na sitaki kuudogosha, kwa maana mtoto hali shamba peke yake. Ila sababu ile iliyomfanya Edmund amwone kaka yake kama ukuta wa kubomolewa haipo, kwa kuwa Edgar naye asingerithi chochote kwa Gloucester.

Ukiondoka kwa Shakespeare ukafika karne ya 19, mzigo ni uleule, umevaa nguo nyingine. Jane Austen katika Pride and Prejudice ya mwaka 1813 anatupa nyumba yenye mabinti watano ambayo baba akifa itakwenda kwa binamu wa kiume. Wasomaji wamezoea kumcheka mama yao kwa kelele zake za kutafuta wakwe, wakati mwanamke huyo ndiye mtu pekee nyumbani anayeikumbuka kila siku hatari ya kulala nje. Lakini aliyekwenda mbali kuliko wote ni Emily Brontë, ambaye riwaya yake ya Wuthering Heights ilitoka Desemba 1847, mwaka mmoja kabla ya kifo chake akiwa na miaka thelathini. Watu huikumbuka kama hadithi ya mapenzi makali yasiyokufa. Mwaka 1926 mwanasheria mmoja, C. P. Sanger, alikaa nayo kwa makini akaonyesha jambo lililowashangaza wengi: kila hatua ya kisasi cha Heathcliff inafuata sheria za mali za Uingereza za wakati ule, bila kuteleza. Binti huyu wa kasisi aliyeishi pembezoni mwa nyika alizijua vizuri rehani, wosia, na haki za mume juu ya mali ya mkewe, na akazitumia kama mifupa ya kitabu chake.

Heathcliff ni mtoto aliyeokotwa barabarani Liverpool. Mzee Earnshaw anamleta nyumbani, anampa jina la mwanawe aliyekufa, na anampenda kuliko mwanawe aliye hai. Hakumpa ukoo, alimpa mapenzi ya mtu mmoja, na mtu huyo alipokufa mapenzi yakazikwa naye. Hindley, mrithi, anamteremsha Heathcliff kuwa mtumwa wa shambani na kumnyima elimu. Catherine anampenda, lakini anamweleza mtumishi wao kwamba kuolewa na Heathcliff kungemshusha hadhi, na Heathcliff aliyekuwa akisikiliza pembeni anaondoka kabla hajafikia maneno yanayofuata, ambayo ndiyo ungamo kubwa la mapenzi katika kitabu chote. Anaporudi baada ya miaka mitatu na fedha zake, hatumii kisu. Anamkopesha Hindley mlevi fedha za kamari mpaka nyumba yote inaingia katika rehani. Anamwoa Isabella asiyempenda, dada wa mwanamume aliyemwoa Catherine. Anamlazimisha Cathy mdogo, binti wa Catherine, aolewe na mwanawe anayekufa kwa ugonjwa, ili shamba la pili nalo liingie mkononi mwake. Na Hareton, mtoto wa Hindley, anamnyima kusoma, kama yeye alivyonyimwa. Chuki hii inaitwa ya kichaa na wengi. Mimi naiona ina mpangilio wa ofisi ya ardhi. Heathcliff amejifunza kwa waliomtesa kwamba katika nyumba ile anayependwa anaweza kufukuzwa na anayemiliki hawezi, basi akaamua kumiliki. Ukweli mchungu wa Brontë ni kwamba anafaulu. Nyumba zote mbili zinakuwa zake, na siku anapokuwa na uwezo wa kuwaangamiza wa mwisho wao anakuta hana tena hamu ya kuinua mkono.

Ipo pingamizi ambayo mtu wa Uluguru mwenyewe ataitoa kwanza, kwa sababu kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: usitupambie ukoo wa mama. Huko nako watu wanachukiana kwa ajili ya ardhi. Ni kweli, na ushahidi upo. Jan Kees van Donge aliyefanya utafiti Mgeta, na kuchapisha matokeo yake mwaka 1993, alieleza migogoro ya mashamba inayozunguka miaka kwa miaka bila kupata uamuzi unaodumu, kwa kuwa kila upande unaweza kusimulia historia ya ukoo kwa namna yake. Mjomba anaweza kuwa dhalimu kama baba yeyote. Baba aliyetoa jasho miaka ishirini kwenye shamba la mkewe anaweza kufa akijua wanawe hawana haki juu ya ardhi ya ukoo wake yeye. Kaka na dada, ambao utaratibu huu umewafanya nguzo, ndio wanaoumizana pale nguzo inapopasuka. Kwa hiyo sidai kwamba Uluguru ilikomesha chuki. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho, na nadhani kina uzito zaidi: kila utaratibu wa mali unachagua ni mapenzi yapi yatakayobebeshwa mzigo, na hapo ndipo mateso yatakapotokea. England ya Lear ilimbebesha baba na mtoto. Uluguru ilimbebesha kaka na dada, mjomba na mpwa. Mahali pa kidonda pamehama, na kuhama kwenyewe kunathibitisha kwamba kidonda kina sababu zinazoweza kuchunguzwa, kwamba hakikuandikwa katika mioyo ya watu tangu kuumbwa.

Uingereza yenyewe ina kitabu kinachotusaidia hapa, na natamani kingesomwa zaidi kwetu. The Mill on the Floss ya mwaka 1860 ni riwaya ya kaka na dada, Tom na Maggie Tulliver, watoto wa mwenye kinu aliyepoteza kila kitu kwa kesi ya maji ya mto. Maggie ana akili kuliko Tom, na anampenda kaka yake kuliko anavyojipenda mwenyewe. Lakini kinu kikirudi kitakuwa cha Tom, na nyumba ni ya Tom, na kwa hiyo Tom ndiye mwenye mamlaka ya kumwambia dada yake, anapotiliwa shaka ya heshima yake, kwamba hana mahali chini ya paa lake. Wanapatanishwa na mafuriko yanayowaua wote wawili. Katika ukoo unaofuata mama, Maggie ndiye ambaye kinu kingeteremka kupitia kwake, na Tom angekuwa mlinzi wa watoto wa dada yake. Hata akimkasirikia asingekuwa na paa la kumnyima. Mwandishi wake, aliyejiita George Eliot, alikuwa Mary Ann Evans, na alipoishi na George Henry Lewes bila ndoa, kaka yake Isaac alikata mawasiliano naye kwa zaidi ya miaka ishirini. Alimwandikia tena mwaka 1880, alipoolewa na mwanamume mwingine kwa ndoa inayotambuliwa na sheria. Mwaka huohuo dada akafariki. Sheria ya kumruhusu mwanamke wa Uingereza aliyeolewa amiliki mali yake kikamilifu ilikuja mwaka 1882.

Na kwa upande wa kaka na dada wa pwani yetu, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021, ameandika riwaya inayopaswa kusomwa kando ya vitabu hivi. Gravel Heart ya mwaka 2017 imepata jina lake kutoka katika Measure for Measure ya Shakespeare, tamthilia ambamo mwenye madaraka anamtaka mwanamke alipe kwa mwili wake ili kaka yake aachiwe. Isabella wa Shakespeare anakataa, na hila za mtawala zinaokoa wote. Saida wa Gurnah, katika Unguja ya baada ya mapinduzi, anakubali. Kaka anaachiwa. Mumewe anajiondoa nyumbani na kuishi miaka mingi katika chumba nyuma ya duka, na mkewe anampelekea chakula kila siku. Mwana anakua bila kuelezwa. Gurnah amelitazama fundo ambalo Shakespeare alilifungua kwa urahisi mno, akauliza: mapenzi ya dada kwa kaka yanapokuwa ndiyo fidia, nani analipa gharama baadaye? Jibu lake ni kwamba wanalipa wote, na aliyeanzisha deni anaendelea na maisha yake.

Pingamizi nyingine ni nzito zaidi kwa upande wa fasihi. Yaweza kusemwa kwamba hoja hii inayakausha mapenzi, inayageuza kuwa hesabu za mashamba, wakati kuna tamthilia kama Othello ambamo hakuna shamba la kurithi na bado chuki inaua. Nakubali kwamba Othello inaninyima ushindi wa kirahisi. Wivu wake una kina ambacho hakuna sheria ya mirathi inayokifikia. Hata hivyo tazama Othello ni nani katika Venice: jemadari anayeheshimiwa, mgeni asiye na ndugu hata mmoja. Iago anapoanza kumnong'oneza, Othello hana dada wa kumuuliza, hana mjomba wa kumwambia subiri kwanza tumsikilize mke wako. Mshauri pekee aliye karibu ni yule yule aliyenyimwa cheo cha luteni na kuapa kulipiza. Brabantio, baba wa mkewe Desdemona, analalamika mbele ya wakuu kama mtu aliyeibiwa. Na kitu kimoja tu ambacho Othello amekileta kutoka kwao, kile kitambaa alichoachiwa na mama yake anapokata roho, ndicho kinachogeuzwa kuwa ushahidi wa kumnyonga mkewe. Siwezi kusema mali ilizaa wivu huo. Naweza kusema kwamba upweke uliouacha ukue bila kizuizi ulitengenezwa na jamii iliyomtaka Othello kwa vita vyake na haikumpa ukoo.

Wapo pia watakaouliza kwa nini tuhangaike na vitabu hivi hata kidogo. Serikali ya kikoloni iliyoviingiza mashuleni ndiyo iliyowalazimisha Waluguru kuchimba matuta milimani hadi watu wakaandamana Matombo mwaka 1955 na risasi zikapigwa. Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipoandika mwaka 1968, Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, walikuwa na haki yote ya kuchoshwa na mtaala uliomweka mwanafunzi wa Kiafrika pembeni mwa dunia. Lakini walichokitaka kilikuwa kuhamisha kitovu: tuanze na sisi, kisha tuwatazame wengine tukiwa tumesimama kwetu. Kusoma Lear kutoka Uluguru ni kutekeleza hilo hasa. Nyerere alipotafsiri Juliasi Kaizari, kilichotoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, hakuwa akiomba ruhusa kwa mtu, alikuwa akitwaa. Na kabla yao wote, mwaka 1867, mmisionari Edward Steere alichapa Unguja hadithi chache za Shakespeare kwa Kiswahili kutoka katika masimulizi ya Charles na Mary Lamb, ya Lear ikiwamo. Mzee huyu na mabinti zake wamekuwa katika lugha yetu kwa zaidi ya karne moja na nusu. Mgeni njoo mwenyeji apone, husemwa. Hapa wenyeji wa Lear ndio wanaoweza kuambiwa na mgeni kitu walichokizoea mno kiasi cha kutokiona.

Tena kuna jambo la leo. Uluguru ninayoielezea haibaki ilivyo, na Mzinga ni mahali pa kuliona hilo. Juu milimani ardhi ya ukoo bado inajadiliwa kwa majina ya mabibi. Huku chini ni viwanja, na kiwanja hununuliwa kwa fedha, huandikwa jina la mtu mmoja, mara nyingi la baba, na kinamfuata yeye. Ina faida zake: mjane haondolewi na wapwa wa marehemu, na baba anaweza kuwaachia wanawe alichokijenga. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inawapa wanawake haki sawa ya kumiliki, na miaka tisa kabla yake Mahakama Kuu kule Mwanza, kwa hukumu ya Jaji Mwalusanya, ilikuwa imekataa mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi. Hayo ni maendeleo ya kweli. Ila pamoja na hati ya baba unaingia, kimyakimya, mtihani wa Lear. Familia ambazo kwa vizazi hazikuwa na sababu ya kushindana mbele ya baba sasa zinayo. Mtoto wa nje ya ndoa, ambaye kwa mama yake hakuwa na upungufu wa chochote, sasa anaweza kujikuta Edmund kwenye kikao cha mirathi. Kwa hiyo King Lear, ambayo miaka mia iliyopita ingekuwa ngeni kwa watu wa bonde hili, inakaribia kuwa yao, na hiyo ndiyo sababu ya kuisoma kwa makini kuliko ilivyosomwa na wale waliosomeshwa waiheshimu tu.

Limebaki suala la mateso, kwamba yanafunza nini. Wasomaji wetu wamelelewa na fasihi inayotaka wema ulipwe. Katika Adili na Nduguze, Shaaban Robert anawaacha ndugu wamtupe Adili, kisha anauleta msamaha na kurudisha utu wao, na tunafunga kitabu tukiwa tumeridhika. Kezilahabi alipokataa kutupa faraja hiyo katika Rosa Mistika, mwaka 1971, kitabu kilipigwa marufuku mashuleni. Tusidhani udhaifu huo ni wetu peke yetu. Waingereza wenyewe hawakuweza kumvumilia Shakespeare katika jambo hili. Mwaka 1681 Nahum Tate aliiandika upya King Lear: Cordelia anapona, anaolewa na Edgar, mzee anarudishiwa ufalme. Toleo hilo ndilo lililotawala majukwaa ya London kwa karibu miaka mia na hamsini. Samuel Johnson, aliyechapisha maandiko ya Shakespeare mwaka 1765, alikiri kwamba kifo cha Cordelia kilimuumiza kiasi kwamba hakuzisoma tena kurasa za mwisho hadi kazi ya uhariri ilipomlazimisha. Naiheshimu huruma yake. Lakini mwisho wa Tate unafanya kosa lilelile la Lear: unaamini kwamba mapenzi ya kweli lazima yalipwe kwa ufalme. Ukimrudishia Cordelia nchi kwa sababu alipenda vizuri, umerudi kwenye mtihani wa onyesho la kwanza na umempa alama za juu. Shakespeare aliacha mapenzi ya Cordelia bila malipo ili pasiwe na mtu wa kusema yalikuwa kwa ajili ya malipo.

Ndiyo maana ninampa uzito mkubwa mtu mmoja ambaye hana hata jina. Gloucester anapong'olewa jicho la kwanza, mtumishi wa Cornwall, mume wa Regan, aliyemtumikia bwana huyo tangu utotoni, anamwambia aache. Anachomoa upanga, anamjeruhi bwana wake jeraha litakalomuua, na Regan anamchoma kwa nyuma. Hana fungu katika nchi, hana hati, Gloucester si ndugu yake wala hajawahi kumfanyia jambo lolote ambalo tamthilia inalitaja. Hajulikani kwa chochote kingine, na jicho la pili bado linang'olewa. Kisha wenzake wawili wanabaki na mzee kipofu. Mmoja anakwenda kutafuta kitani na ute wa mayai ya kumpaka usoni panapovuja damu. Katika chapa ya mwaka 1608 watumishi hao wawili wanazungumza. Katika chapa ya mwaka 1623, iliyotolewa miaka saba baada ya Shakespeare kufariki, mazungumzo yao hayamo, na maonyesho mengi yamewaacha nje kwa sababu hawasogezi hadithi mbele. Atakayeiweka tamthilia hii jukwaani kwa Kiswahili, Morogoro au kwingineko, aifuate chapa ya 1608, na awape watumishi hao waigizaji wazuri.